Samaki mmoja ameteka tangi zima: nimwekee nani asiyeuawa?

SWALI

Assalaam aleikum Maalim. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, nina nyumba ndogo ya wageni. Ukumbini nimeweka tangi la kioo la samaki, urefu futi nne, upana na kina futi moja na nusu. Nilinunua Mombasa samaki wanane wadogo wa "mchanganyiko", wa manjano, wa samawati na wa machungwa, nikaambiwa wote ni wa Ziwa Malawi na wanakaa pamoja. Sasa wamebaki watatu. Mmoja alikuwa wa manjano mwenye mistari myeusi, leo amegeuka mweusi mwenye mistari ya samawati, na tangi lote ni lake. Wa pili ni wa samawati hafifu, anashinda juu kwenye kona nyuma ya bomba la chujio, mkia umeraruka. Wa tatu ni kambare mdogo wa madoa, mchana haonekani. Nikamwekea samaki wa dhahabu wawili, wakafa siku ya pili yake. Nikaweka wale bapa wenye mapezi marefu kama mbawa, hawakumaliza wiki. Mume wangu anasema tulete oska mkubwa amtie adabu. Maalim, nimwekee nani wa kuishi naye?

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kamtoe huyo wa samawati hafifu. Samaki wa aina hii akishinda juu kwenye kona, mapezi ameyabana, rangi imepauka na chakula kikianguka hakifuati, ujue kona hiyo hakuichagua. Amefukuzwa kila mahali na hapo ndipo mwisho wa safari. Chota maji ya tangi lilelile, yatie kwenye beseni pana au ndoo ya kuanzia lita 20, muwekee jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa mapovu, na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Funika kwa wavu, maana ataruka, na kila siku mbadilishie robo ya maji. Mkia huota wenyewe maji yakiwa safi. Dawa usikimbilie, kilichomuumiza si ugonjwa.

Sasa tuzungumze.

Kwa ulivyomweleza, huyo mtawala ni auratus, kwa jina lake kamili Melanochromis auratus, naye ni dume. Wakiwa wadogo, dume na jike wote ni wa manjano wenye mistari myeusi inayokwenda kwa urefu wa mwili, kutoka kichwani hadi mkiani. Dume akikomaa na kushika mahali pake, rangi hugeuka: palipokuwa na manjano panakuwa peusi, na inayobaki ni mistari ya samawati iliyofifia. Kwao ni upande wa kusini wa Ziwa Malawi, kwenye mawe, wanakoishi jamii nzima ya samaki waitwao mbuna. Urefu wake ni kama sentimita 11 tu, lakini katika mbuna wanaofika madukani ni wachache mno wanaomfikia kwa ukali. Ubaya ni kwamba kifaranga chake kinapendeza kuliko vyote kwenye tangi la duka, na muuzaji hakwambii kitakuja kuwa nani baada ya miezi kadhaa.

Shemeji nimemsikia, na rai yake wanayo wengi: mkali dawa yake ni mkali zaidi. Nakuombeni msifanye hivyo. Oska ni samaki wa Amazoni, akikua anafika sentimita 30 na kuzidi, na tangi la futi nne linakuwa kama beseni kwake. Anakula nyama, na chochote kinachoingia mdomoni kwake ni chakula, kambare wako akiwa wa kwanza. Auratus kwa upande wake ni mla mimea ya majini. Ukiwalisha chakula kimoja, mmoja wao ataumia. Na vita vyenyewe haviishi: oska akiletwa mdogo, auratus atamrarua, akiletwa mkubwa, auratus atamdonoa mapezi na macho usiku na mchana, kwa sababu mwili mkubwa haugeuki haraka penye mawe. Samaki hatiwi adabu. Anachojifunza ni nani yuko wapi, na hilo ndilo tutakalolitumia.

Samaki mwenye himaya ana hesabu yake. Anapima kila anayepita mbele yake: huyu anataka nilichonacho? Na anachokipima kwanza ni sura. Anayefanana naye kwa umbo, kwa rangi na kwa mistari ni mpinzani, maana huyo ndiye atakayetaka pango lake na majike wake. Furu wa Ziwa Victoria, ambao ni jamaa wa hawa mbuna, wamewahi kufanyiwa utafiti juu ya jambo hili, na ikaonekana madume huwaelekezea ukali zaidi madume wa rangi yao kuliko wa rangi nyingine. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Fahali na mbuzi wanakaa, na hakuna anayeshangaa. Basi kazi ya kumtafutia samaki mkali wenzake ni kutafuta mbuzi wenye miguu imara. Wasimfanane, wasitake anapokaa yeye, na wakisukumwa wasife.

Utaniuliza: samaki wa dhahabu alimfanana nini hata akauawa? Hakumfanana chochote. Ila zingatia hali uliyomtia. Ziwani dume la mbuna hulinda eneo la mawe, na mgeni akifukuzwa hukimbia mita chache, akatoka mpakani, yakaisha. Tangi lako lina sentimita 120 kutoka kioo hadi kioo. Mgeni anakimbia, anagonga kioo, anarudi ndani ya himaya ileile, na kwa mwenye tangi hilo ni shambulio jipya. Tena aliingia peke yake, katika nyumba ambayo mwenyewe hana mwingine wa kumshughulisha. Samaki wengi wenye himaya humvumilia jirani waliyemzoea kuliko mgeni. Mgeni mmoja katika tangi la mfalme mmoja hupokea hasira zote. Na samaki wa dhahabu ni mzito, anapenda maji ya baridi, hawezi kuingia katikati ya mawe. Wale bapa wenye mapezi kama mbawa, waitwao malaika, kwao ni mito ya Amazoni yenye maji laini, mwendo wao ni wa taratibu na mapezi yao yananing'inia. Hata auratus asingewagusa, maji yenu yangewachosha.

Na maji ndiyo bahati yako kubwa, dada, wala hukuyataja. Maji ya kisiwani kwenu hutoka kwenye visima, mengi chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakapita kwenye mchanga na mawe yenye chokaa. Kama sufuria ya chai huota ukoko mweupe, hayo ni maji magumu, na mbuna ndiyo waliyoyazoea: Ziwa Malawi lina pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ya takriban 7.7 hadi 8.6. Wenzetu wa Nairobi hutia madini kwenye tangi ili wafike ulipo wewe. Kwa hiyo ukitafuta wenzake, tafuta ndani ya Ziwa Malawi, achana na samaki wa Amazoni. Ila yaonje kwanza. Visima vingine vya pwani vimeingia chumvi ya bahari, na hiyo siyo chokaa. Maji yenye ladha ya chumvi usiyatumie, au yachanganye na ya mvua mpaka ladha ipotee. Ya mvua matupu nayo hayafai, hayana madini.

Sasa una njia mbili, na nitakueleza zote ingawa moja siipendi kwako.

Njia ya kwanza ni kumbakisha auratus na kumjengea jamii kamili. Dume huyo mmoja tu, majike wake watano, maana ukimpa jike mmoja atamsumbua mpaka amuue. Jike wa mbuna hubeba mayai na vifaranga mdomoni kama wiki tatu bila kula vizuri, na wakati huo anahitaji dume awe na wengine wa kuwafukuzia. Juu yao unaongeza aina mbili nyingine zenye nguvu lakini zisizomfanana: Maylandia estherae, ambao majike wao ni wa machungwa na hawana mistari ya urefu, na zebra wa Malawi wenye milia ya kusimama, kutoka mgongoni kwenda tumboni. Kila aina dume mmoja na majike wanne hivi. Jumla unafika samaki 16. Usimwekee Melanochromis chipokae wala Pseudotropheus johannii, wote hao wana mistari ya kulala kama yake na atawaona ni yeye mwenyewe kwenye kioo. Huyo chipokae hata watazaa naye machotara. Usimwekee wa manjano wapole. Usimwekee wale wa rangi rangi wanaokaa kwenye mchanga, Aulonocara, hata muuzaji akiapa.

Hila yenyewe ni msongamano. Samaki wakiwa wengi, mkali hawezi kumfuata mmoja. Anaanza na huyu, anapita yule, anasahau alikuwa anamfukuza nani. Kipigo kinagawanyika, hakuna anayepata cha kuua. Hila hii inafanya kazi, wafugaji wa mbuna duniani kote wanaitumia.

Lakini wengi wanaoisifu wanaishi kwenye baridi na umeme usiokatika. Wewe uko Lamu. Mwezi wa tatu, kaskazi ikiisha na upepo umelala, maji ya tangi ukumbini yanafika nyuzi 30 bila hita yoyote. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5, na samaki mwenyewe kwa joto hilo anataka hewa zaidi, na ukali wake unapanda. Halafu kuna amonia, inayotokana na kinyesi na mashavu yao. Kwenye maji ya pH 7, sehemu yake iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye maji magumu kama yenu, tuseme pH 8.3 na joto la nyuzi 28, sehemu hiyo inafika kama asilimia 12. Yaani uchafu uleule unakuwa na sumu zaidi ya mara 15. Samaki 16 wazima kwenye lita 240 wanataka chujio linalozungusha lita 1,500 hadi 2,400 kwa saa, na kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki, bila kuruka. Umeme ukikatika usiku kucha katikati ya joto, msongamano uliokuwa ukiwalinda ndio utakaowamaliza. Ukiwa na betri ya akiba na pampu ya hewa inayowashwa nayo, sawa, jaribu. Kama huna, hapana.

Ndiyo maana njia ninayokushauri ni ya pili: auratus aondoke, umjenge upya huyo uliyemwokoa kwenye beseni na kambare wako, kwa kuwazungushia mbuna wapole. Najua unampenda, kila mgeni akiingia lazima amtazame yeye. Lakini swali lako, nimwekee nani wa kuishi naye, jibu lake la kweli kwa tangi hilo na kisiwa hicho ni kwamba anayebadilishwa ni yeye.

Mbuna wapole wapo, na si wa kupooza. Labidochromis caeruleus ni wa manjano ya limau mwili mzima. Iodotropheus sprengerae ana rangi ya kutu iliyochanganyika na zambarau, dukani hutomtazama mara mbili, ila akitulia nyumbani chini ya taa anang'aa. Wa tatu anaitwa acei, mwili samawati ya kuelekea zambarau, mapezi na mkia wa manjano, na huyu nampenda kwa sababu moja: hakai sana mawe ya chini kama wenzake, huogelea kwa kundi katikati na juu ya maji. Angalia jinsi watatu hawa walivyogawana. Manjano, kutu, samawati. Hakuna anayemwona mwenzake kuwa ni pacha wake, na mmoja wao kashika ghorofa ambayo wengine hawaitaki. Chukua wanne wanne, wote wadogo, sentimita tatu au nne, na siku moja. Wakikua pamoja, ngazi ya nani juu na nani chini wanaipanga wakiwa bado hawana meno ya kuumizana. Kumi na wawili hao, huyo wa samawati kama amepona na kutulia, na kambare. Ishia hapo. Nafasi itaonekana kubwa miezi ya mwanzo na utashawishika kuijaza. Acei anafika sentimita 15, subiri utaona.

Dukani ndipo ulipoangukia mara ya kwanza, basi shika alama hii. Kifaranga cha caeruleus ni cha manjano, na cha auratus ni cha manjano. Mwangalie ubavuni. Caeruleus ubavu wake ni safi, weusi umekaa kwenye mapezi tu, hasa la mgongoni, lenye ukanda mmoja unaokwenda mbele hadi nyuma. Auratus ana mistari myeusi ubavuni penyewe, imenyooka, na katikati yake kuna mistari myeupe inayometa. Ukiona mstari ubavuni, rudisha mfuko. Na tangi lililoandikwa "mchanganyiko" lipite. Humo kuna machotara wasiojulikana baba wala mama, na huwezi kupanga ujirani wa samaki usiyejua atakuwa na sura gani.

Kambare mchunguze pia kabla hujamkubali. Usiku zima taa ya ukumbi, mulika kwa simu. Akiwa anaogelea chali chini ya jiwe, ana ndevu na pezi la mgongoni fupi lililosimama, huyo ni Synodontis na ni mwenzi mwema kabisa: anatoka usiku mbuna wamelala, hataki mwamba wa mtu, na ngozi yake ngumu. Akiwa mrefu, bapa kichwani, pezi la mgongoni limeshuka hadi karibu na mkia, huyo ni kambare wa kula na siku moja atawala wenzake. Ukimvua Synodontis usitumie wavu. Ana miiba mgongoni na ubavuni inayojifunga kwenye nyuzi, utamrarua ukimtoa. Mtegee kikombe kikubwa au kopo.

Mawe sasa, na hapa wengi hupamba badala ya kujenga. Tangi lenye jiwe moja zuri katikati lina mfalme mmoja, hata ukiweka samaki gani. Unachotaka ni samaki asione kutoka ncha hadi ncha. Panga mawe nyuma yote ya tangi, yakipanda na kushuka, yenye matundu mengi kuliko idadi ya madume, na matundu yawe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Pango lenye mlango mmoja ni mtego. Vipande vya mawe ya matumbawe vinavyobaki nyumba za kale zinapokarabatiwa vinafaa sana, havigharimu kitu na vinashikilia ugumu wa maji. Viloweke siku kadhaa, vikaushe, visugue, uhakikishe havina chokaa mbichi wala saruji mpya. Ya kung'oa baharini usiguse, iwe hai au mfu. Mawe makubwa yakae juu ya kioo chenyewe, yamewekewa kitu laini chini, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mbuna huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbuliwa na kuanguka, na asubuhi utakuta maji yako sakafuni. Tangi lenyewe lisipigwe na jua la uani.

Siku ya kuwaingiza, auratus awe ameshatoka. Ukichagua kumbakisha kwa njia ya kwanza, basi yeye ndiye anayeingia mwisho: mtoe, mweke pembeni siku nne au tano, ondoa mawe yote uyapange upya kwa namna nyingine, ingiza wageni wote jioni moja, zima taa, na wakishazoea matundu yao ndipo umrudishe. Akirudi atakuta mji haujui, yeye ndiye mgeni. Hapo ndipo unapotumia kile alichokijua. Hasira yake haitaondoka, ila itaanza upya kwa usawa na wengine. Lisha kabla ya kuwaingiza, na asubuhi yake hesabu. Kufukuzana kwa hatua mbili tatu na kurudi ni kawaida, hata miaka yote. Anayefukuzwa na mmoja yuleyule kila kona, au anayerudi kwenye ile kona ya juu nyuma ya bomba, atoke siku hiyohiyo.

Chakula kwa ufupi: mbuna ziwani hukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao umeumbwa kwa hayo. Wape chakula cha vipande vya spirulina, ambayo ni mwani, mchicha uliochovywa maji ya moto, tango. Kamba, omena na mkate wageni wasiwatupie. Tumbo huvimba na mara nyingi haliponi.

Kwa wasomaji wengine walioniuliza juu ya beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, hesabu ni ileile. Dume la beta halitaki dume mwenzake, na halitaki gapi mwenye mkia mpana wa rangi, kwa sababu kwa macho yake ule mkia ni wa beta. Kambare wadogo wa chini wa jamii ya Corydoras humpita kama hawapo. Na konvikti, wale wa milia ya kijivu na nyeusi: mmoja anaishi na wengi, wawili wakioana na kutaga watachukua nusu ya tangi na kulipigania kufa. Anayewapenda wawili awape tangi lao.

Limebaki la auratus kwenda wapi. Maduka mengi hupokea mbuna mzima kwa kubadilishana na wadogo, mpige picha uwatumie kwanza. Kwenye mtaro, mtoni au kisimani asitupwe. Furu wa Ziwa Victoria wanajua kilichowapata alipoletwa sangara miaka ya 1950. Wala birikani, lile tangi la maji la nyumbani, usimtie. Najua nyumba zenu za kale zilikuwa na visamaki birikani vya kula viluwiluwi vya mbu, na kama bado unavyo, atavimaliza kabla ya adhuhuri.

Safari ya Mombasa iwe hivi. Siku moja kabla usimlishe. Mtie peke yake kwenye mfuko mara mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ukifungwa ndani ya boksi lenye gazeti ili giza limtulize, kisha boti ya asubuhi hadi Mokowe na basi la kwanza. Kurudi na wadogo mwambie muuzaji atie oksijeni, wachache kwa mfuko, na boksi likae miguuni kwako ndani ya gari, siyo kwenye buti juu ya injini. Ukifika nyumbani acha mifuko ielee juu ya maji ya tangi dakika 20, kila dakika tano ongeza kikombe cha maji ya tangi humo ndani, halafu watoe samaki kwa kikombe na maji ya mfuko uyamwage nje. Lile tangi lisikae tupu muda wote huo: kambare abaki humo akila kidogo, chujio liendelee kuzunguka, usilisafishe kwa maji ya bomba, kwani bakteria wanaokula amonia wanakaa kwenye sponji yake na klorini itawaua. Nitumie picha ya huyo wa samawati hafifu akishapona, ubavu mzima na pezi la mgongoni, nikwambie ni nani kabla hujamrudisha kwa wenzake.